Habari Yangu Uliisikia Wapi?

Kila asubuhi Stéphanie alibeba mashine yake kichwani. Aliifunga katika kitenge cha zamani, akaweka kata chini yake, akashuka barabara ya Kikula, mtaa wetu wa Likasi, kwenda sokoni. Ilikuwa mashine ya kuandikia, ya chuma tupu, nzito kama mtoto anayetembea. Watoto walimfuata wakiimba, "Mama Mashine! Mama Mashine!" Naye alicheka bila kugeuza shingo.

Mimi ni Colette. Nilikuwa jirani yake, ukuta kwa ukuta. Nilifundisha katika foyer, nyumba ya mafunzo ya wanawake: kushona, kusoma na hesabu za nyumba. Mtaa mzima uliniita Madame. Ninaandika habari hii kwa wale wanaoanza kusoma. Mnisamehe kama sauti yangu itapanda. Mambo haya yaliniudhi wakati ule, na bado yananiudhi.

Ilikuwa mwaka 1994. Tulikuwa tumepewa noti mpya za zaïre, pesa ya nchi yetu, lakini zilizeeka haraka kuliko zile za kwanza. Bei ya asubuhi haikuwa bei ya mchana. Wanaume wengi walikuwa hawajaona mshahara kwa miezi. Kwetu Jumamosi inaitwa siku ya posho, kwa sababu zamani wafanyakazi walipewa unga wao siku hiyo. Posho ilikwisha, jina likabaki. Hebu niambieni, mtu anakula jina?

Cyrille, mume wa Stéphanie, alikuwa fundi wa mitambo. Alipochoka kungoja mshahara, alienda Kakontwe kupasua mawe ya chokaa. Alitoka kwa miguu kabla ya jua, akarudi mweupe kwa vumbi mpaka kope. Stéphanie alikuwa mpiga chapa katika ofisi moja ndogo. Ofisi ilipofungwa, walimpa mashine badala ya pesa. Wakamwambia ashukuru.

Basi akawa mwandishi wa kujitegemea. Aliandika barua za madai. Aliandika mialiko ya harusi. Aliandika barua kwa watoto waliokwenda mbali na hawarudi. Lakini kazi aliyoiweza kuliko zote ilikuwa maneno ya kilio.

Kwetu, mtu akifa, watu hukusanyika nyumbani kwake, na huko tunakuita kilio. Kabla ya kwenda makaburini, mtu mmoja husimama mbele ya jeneza na kusoma maisha ya marehemu. Alizaliwa wapi, alifanya kazi gani, ameacha watoto wangapi. Waandishi wengi huandika tarehe tu. Stéphanie alikaa na wafiwa, akauliza, akasikiliza. Ukisikia maneno yake, unamwona marehemu anaingia na kutafuta kiti.

Sasa nifike kwa Parfait.

Parfait alivaa suti ya kijivu na viatu vya kung'aa, katika mji ambamo kila kitu kilikuwa na vumbi. Alijiita komisioneri, yaani mtu wa kuleta wateja na kuchukua sehemu yake. Alimjia Stéphanie sokoni akamwambia, "Mama, weye unayua kuandika. Lakini nani anakuyua? Minye njo nitapeleka jina yako mu Likasi yote." Kwetu minye ni mimi, njo ni ndiyo, na kujua tunasema kuyua.

Stéphanie alikubali. Parfait akatundika bango la kitambaa penye mlango wa soko. Kitambaa na rangi alilipa Stéphanie. Akapita na kipaza sauti barabarani. Kipaza sauti alilipa Stéphanie. Kisha akaleta kiti, akaketi kando ya mashine, akaanza kupokea pesa za wateja kwa mkono wake. Nusu ilikuwa yake. Nusu ya Stéphanie aliiweka mfukoni mpaka siku ya posho.

"Soko iko na wizi mingi, mama," alisema. "Nitakulindia."

Fisi naye hulinda nyama.

Jumapili moja, baada ya ibada, Jaël alibisha mlango wangu. Jaël ni binti wa kwanza wa Stéphanie. Mkononi alishika bakuli tupu.

"Yambo, Madame. Mama anasema utukopeshe bunga kidogo."

"Yambo, mwana. Jana ilikuwa siku ya posho. Parfait hakumupatia mama makuta?"

"Alimupatia, lakini alikata kwanza makuta ya kipaza sauti. Ilitosha meka moya na chumvi."

Bunga ni unga, makuta ni pesa, na meka ni kopo la kupimia unga sokoni. Meka moja haishibishi nyumba yenye watoto siku mbili. Mwanamke amechapa juma zima mpaka vidole vimevimba, na malipo yake ni meka moja na chumvi! Nilijaza bakuli, nikalibeba mwenyewe.

Nilimkuta Cyrille ameketi kwenye benchi. Alikuwa ametia mikono yake katika maji ya chumvi, kwa sababu ya nyufa. Stéphanie alikuwa akichambua majani ya sombe, yaani kisamvu. Mashine ilikuwa mezani, imefunikwa.

"Ikala, Madame," alisema Cyrille. "Umefika vizuri. Tunauzisha mashine."

"Munauzisha? Kwa nani?"

"Kwa Parfait. Siku ya posho atakuya na pusu-pusu. Atatupatia mifuko mbili ya bunga. Kisha Stéphanie atakuwa mutumishi yake. Atachapa ku ile ile mashine, na Parfait atamulipa ku mwezi."

Nilimtazama Stéphanie. Aliendelea kuchambua sombe.

"Na weye, mama, unasema nini?"

"Nitasema nini, Madame? Batu banakuya. Nachapa toka asubui mpaka mangaribi. Lakini makuta haionekane. Parfait anasema inchi inaharibika, na minye njo naharibisha kazi. Ananigombeza juu ya maneno ya ba Kabamba."

Ba Kabamba, yaani Baba Kabamba, alikuwa fundi wa baiskeli wa Kikula. Alikuwa amekufa mwezi uliotangulia, na mkewe Rosalie hakuwa na kitu. Stéphanie aliandika maisha yake bure. Aliandika kwamba ba Kabamba aliitambua kila baiskeli kwa kengele yake, na kwamba hakumtoza bwana harusi hata siku moja. Nilikuwa pale yaliposomwa. Wanaume waliokuwa wakicheza dama nyuma ya nyumba waliacha mchezo wakaja kusimama.

"Parfait aliniambia, kazi ya bure njo itakuua," aliendelea Stéphanie. "Ukiandikia mujane moya bure, bote batataka bure."

"Na hawa batu banaokuya kwako," nilimuuliza, "banatoka wapi?"

"Parfait njo anabaleta."

"Unayua namna gani?"

"Yeye mwenyewe anasema."

Hasira ilinipanda mpaka masikioni. Anasema! Mbuzi akikuambia yeye ndiye aliyelima, utamwachia mahindi?

"Ba Cyrille," nilisema, "munipatie hii juma moya tu. Siku ya posho ikifika, kama munataka kuuzisha, muuzishe. Lakini mutu hauzishe kintu mbele ya kuyua inamuletea nini."

Cyrille alikausha mikono polepole. "Juma moya, Madame. Njaa hainaga subira."

Wazee walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Lakini daftari lilikuwa ghali, na kila karatasi ya Stéphanie ilikuwa ya kuuza. Nilitazama mlango wao. Ulikuwa wa mbao za kasha, na upande wa ndani ulikuwa mweusi kwa moshi wa miaka. Mfukoni mwangu mlikuwa na chaki ya foyer. Nikaenda mlangoni, nikapiga mistari.

"Kila mutu akikuya, umuulize nani alimutuma kwako," nilimwambia Stéphanie. "Mangaribi uandike hapa. Akisema Parfait, weka P. Akisema bango, weka B. Akisema alikusikia ku kilio, weka K. Jirani ao kanisa, weka J. Kando yake uandike alilipa nini."

"Zaïre ngapi?"

"Apana! Zaïre ya kazi moya na zaïre ya posho haiko kintu kimoya." Kazi moya ndiyo Jumatatu. "Uandike ile makuta ingepata meka ngapi siku ile ile. Bunga haidanganye. Na fasi ya chini, uandike kila kintu unalipa juu ya kutafuta batu: bango, kipaza sauti, ile karatasi ya bure."

"Na ile nusu ya Parfait?"

"Ile njo ya kwanza!"

Jaël alicheka. Cyrille hakucheka, lakini alisogeza taa karibu ili tuone vizuri.

Jumatatu jioni Stéphanie alirudi karibu kulia.

"Madame, umeniua. Mwalimu mumoya alikuya juu ya barua ya mushahara. Nikamuuliza, 'Nani alikutuma kwangu?' Akaruka! Alikimbia, akaacha kofia."

Niliketi chini nikacheka, kisha nikajilaumu. Miaka ile swali hilo liliulizwa na watu wenye miwani myeusi, ndani ya gari lisilo na namba. Nani alikutuma? Ukilisikia, unajua usiku huo hutalala kwako. Nilikuwa nimempa mwandishi swali la askari.

Tukakaa tukatafuta swali lingine. Stéphanie ndiye aliyelipata, maana maneno ni kazi yake.

"Nitamwandikia kwanza. Akisha kulipa, karatasi ikiwa mu mukono yake, nitamwambia: 'Habari yangu uliisikia wapi?' Kama mutu anapiga masolo, maongezi tu."

Kesho yake mwalimu alirudi kuchukua kofia. Akaulizwa swali jipya. Basi akaketi akasimulia mpaka wateja wengine wakanung'unika. Habari za Stéphanie alizisikia kwenye kilio cha shangazi yake.

Parfait hakupenda. "Ile maulizo yote ni ya nini?" aliuliza.

"Ni heshima tu, ba Parfait. Mugeni anasalimiwa."

Siku ya tatu akaja mama mmoja mwenye mtoto mgongoni. Parfait akamwona kwa mbali, akanong'ona, "Ule ni wangu. Nilimutafuta jana mangaribi." Stéphanie akaandika barua, akapokea shukrani, akauliza swali lake. Yule mama akasema alimsikia kwenye kilio cha ba Kabamba.

"Haikuwa ba Parfait alikuonyesha huku?"

Yule mama akamtazama Parfait, kuanzia viatu mpaka kichwa. "Uyu? Simuyui."

Stéphanie aliponisimulia, aliigiza sauti ya yule mama, na macho, na mtoto mgongoni. Ilikuwa mara ya kwanza kwa miezi kumwona anacheza hivyo. Cyrille alikuwa akila bukari yake, ugali wa kwetu. Aliacha kutafuna, akaenda mlangoni na taa. Alifuata mistari kwa kidole, mmoja mmoja.

Herufi K zilikuwa zimeshuka mlangoni kama mchwa. K, K, J, K, tena K. Watu walitoka kwenye kilio cha ba Kabamba na vilio vingine, wakaulizana nani aliandika maneno yale, wakaelekezana kwa mdomo. Na B? B ilikuwa moja tu, tena mtu mwenyewe alikuja kuuliza saa ya maombi. Mji mzima ulikuwa na mabango ya mikutano ya maombi. Watu walidhani na lile ni la mkutano, wakapita. Na P, ile P kubwa iliyokuwa ikila nusu ya kila kitu? P ilikuwa moja. Alikuwa binamu wa Parfait, na hakulipa.

Ijumaa alikuja Hortense. Yeye hubadilisha fedha kando ya barabara, na kiti chake na mwavuli wake vinajulikana na wote. Alitaka barua kwa mwanawe. Parfait alikuwa amekwenda kutafuta maji ya kunywa. Stéphanie alipomuuliza swali lake, Hortense alicheka.

"Kila mutu anakuyua, mama. Lakini nilizania mashine ni ya Parfait. Kila mangaribi anakuya kwangu na makuta ya hii meza. Anatafuta dolari."

"Kila mangaribi?"

"Kila mangaribi! Ile makuta ya kwetu, nani analala nayo?"

Nani analala nayo? Kwa hesabu, Stéphanie ndiye aliyelala nayo. Parfait alibadili zote siku ileile, yake na ya mwenziwe. Siku ya posho alibadili tena kidogo, akampa Stéphanie idadi ileile ya noti za Jumatatu, ingawa Jumamosi zilikuwa zimepoteza thamani. Noti zilizoweza kununua meka nne Jumatatu zilinunua meka mbili Jumamosi. Meka mbili nyingine zilibaki katika viatu vya kung'aa. Hivyo ndivyo alivyomlindia.

Ninyi mnaosoma, msiseme Stéphanie alikuwa mjinga. Mtu akichoka na akiwa na njaa, anayesema kwa sauti kubwa huonekana anajua. Mwenye kosa ni yule anayetumia uchovu wa mwenziwe.

Siku ya posho ilifika. Parfait akaja na pusu-pusu, yaani mkokoteni, pamoja na kijana wa kuisukuma na mifuko miwili ya unga. Mifuko ilikuwa imejaa kweli. Watoto wa Stéphanie waliitazama bila kupepesa. Mimi nilikuwa ndani, nimekaa karibu na jiko. Sikutaka kukosa neno.

Cyrille hakwenda Kakontwe siku ile. Alimkaribisha Parfait, akampa benchi. Kisha akafunga mlango. Parfait alitabasamu. Alidhani mwenye nyumba anataka faragha. Halafu akaona maandishi.

"Ile ni nini, ba Cyrille?"

"Soma. Weye ni mutu ya masomo."

Parfait alisoma. Nilimwona anashuka na macho mstari kwa mstari. Alipofika mwisho, alicheka kicheko kikavu.

"Munaandika ku mulango kama batoto ya kalasi ya kwanza? Ile chaki haiko na tampo, muhuri ya ofisi. Haina kintu."

"Na ile nusu yako," Stéphanie aliuliza, "iko na tampo gani?"

Parfait alimgeukia Cyrille, kana kwamba mwanamke hakusema.

"Ba Cyrille, tusikilizane siye banaume. Batoto iko na njaa. Bunga iko pale inje. Mulango ile, batakula?"

Cyrille alisimama. Ni mtu mpole. Sijawahi kumsikia akipiga kelele, na siku ile pia hakupiga.

"Minye napasua mawe," alisema. "Mangaribi naona mawe nilipasua. Weye unapasua mugongo ya bibi yangu, na unamwambia ni inchi njo inaharibika. Inchi inaharibika kweli. Lakini weye uko mu ile bubaya. Mashine haiuzishwe."

"Ba Parfait," alisema Stéphanie, "tangu leo, makuta ya kazi yangu inaingia mu mukono yangu. Ukiniletea mutu, nitamuuliza alisikia habari yangu wapi. Akitaja jina yako, nitakupatia yako siku ile ile. Asipotaja, hapana. Kiti yako ku meza, kuya uichukue."

Parfait aliondoka. Mifuko iliondoka naye. Tulisikia gurudumu la pusu-pusu likilia mpaka mwisho wa barabara. Jaël alikuwa bado amesimama mlangoni anaangalia unga unavyokwenda, na mama yake alimwona. Siwezi kuwadanganya, wakati ule moyo wangu uliogopa. Ni rahisi kutoa mafundisho wakati sufuria inayolala tupu si yako. Nilienda kwangu nikaleta nilichokuwa nacho, tukapika pamoja.

Kazi ikaanza upya. Jumatatu Stéphanie alipokea pesa zake mwenyewe. Kabla ya kurudi nyumbani, alipita kwa wauza unga, noti zikawa unga siku ileile. Kilichobaki alikipeleka kwa Hortense.

Aliendelea kuwaandikia wajane wasio na kitu, lakini sasa kwa sharti moja. Chini ya kila karatasi aliandika: Maneno haya yameandikwa na Stéphanie wa Kikula, sokoni, meza ya mashine. Naye anayesoma alipaswa kusoma mpaka hapo, kwa sauti. Karatasi hizo za bure aliziandika mlangoni, sehemu ya chini, ya gharama, kwa sababu kitu cha bure nacho kina bei yake. Juma lililofuata, kwenye mistari ya juu ya mlango, aliona zilichomletea. Rosalie, mjane wa ba Kabamba, alitembea nyumba kwa nyumba kumsifu, na hakudai nusu.

Alijaribu njia nyingine pia. Cyrille aliwaambia wapasua mawe wa Kakontwe. Wakaja wachache, wengi kwa mkopo, na Stéphanie akaacha kutegemea huko. Alitangaza kanisani, akaipa njia hiyo herufi yake, mbali na J ya jirani. Miezi miwili herufi ya kanisa haikuonekana, akataka kuacha. Kisha kiangazi kikaleta harusi, na wote wenye harusi walikuwa wa kanisani. Mlango ulimfundisha kwamba kila njia ina majira yake. Na hilo ndilo ninalowaambia wanafunzi wangu. Mtu anayeuza kazi ya mikono au ya kichwa, aulize kila mteja alikotoka. Aandike siku ileile. Aandike kilichoingia na kilichotoka, kwa kipimo kisichobadilika. Halafu atie nguvu pale panapozaa. Kwetu, mimi na Stéphanie, kipimo hicho kilikuwa meka. Kwako kinaweza kuwa chumvi au mkaa.

Lile bango tuliling'oa. Nililifua, nikalikata, nikashona kifuniko cha mashine. Kitambaa kilikuwa kizuri, si kosa lake.

Hawakutajirika. Nani alitajirika Likasi mwaka ule kwa njia safi? Lakini walianza kula mara mbili kwa siku. Jaël alirudi shuleni, na mama yake alimlipa mwalimu kwa unga, kama wazazi wengine. Cyrille aliendelea na mawe yake, ila jioni alipofika, kitu cha kwanza alichouliza kilikuwa, "Mulango unasema nini?"

Mvua za kwanza ziliponyesha, Parfait alirudi sokoni. Hakuwa na suti. Hakuja na kiti. Alisimama nyuma ya watu wengine, akangoja zamu yake. Mjomba wake aliyemlea alikuwa amekufa usiku wa kuamkia siku hiyo.

Mimi ningemfukuza, nasema wazi. Stéphanie alimpa benchi. Alimuuliza juu ya mjomba kama alivyomuuliza kila mfiwa. Alicheka namna gani? Alikupiga kwa kosa gani? Alikuimbia nini? Parfait alijibu, kisha akaanza kulia, akaendelea kujibu huku analia. Stéphanie akachapa. Parfait aliposoma karatasi, aliikunja vizuri, akatoa pesa. Hakuomba apunguziwe.

"Habari yangu uliisikia wapi?" Stéphanie aliuliza. Humuuliza kila mtu, na hakuona sababu ya kumwacha.

Parfait alitazama viatu vyake. Vilikuwa na matope.

"Ku kilio, mama."

"Kilio ya nani?"

"Ya kamarade yangu mumoya. Zamani, mbele sijakuya kwako. Batu bote balinyamaza. Minye pia nililia. Nikauliza nani aliandika ile maneno. Njo nikakuya kukutafuta ku soko."

Alijua! Kabla ya bango, kabla ya kipaza sauti, alijua watu wanatoka wapi, maana yeye mwenyewe alitoka huko. Kisha akaketi pale miezi yote, akala nusu, na kumgombeza Stéphanie asiandike tena maneno ya kilio bure. Jioni ile Stéphanie aliponiambia, niliinuka nikatafuta kitenge changu. Nilitaka kwenda kwenye kilio kile kile, mbele ya jeneza la mjomba na watu wote, nimwambie Parfait yanayomfaa.

"Ikala, Madame," alisema Stéphanie. "Batu banazika."

Alichukua chaki, akaenda mlangoni. Akatafuta nafasi chini kabisa, maana juu palikuwa pamejaa. Akaandika K. Kando yake akaandika meka mbili.

"Alilipa zote?" niliuliza.

"Zote," alisema. "Na alilipa leo."